Swali la Nne na Vigelegele vya Akina Mama wa Tetu

Nitasimulia mara moja tu, halafu mtu asinirudishe hapo tena. Ni kweli niliaibika, tena mchana kweupe, mbele ya mama yangu, mbele ya chifu, mbele ya mwajiri wangu na wanawake wa kikundi cha Mama kutoka Tetu (sitasema walikuwa wangapi, mtaelewa baadaye), na mbele ya watu wa ng'ambo waliokuwa wakinitazama kutoka ukutani wakiwa wakubwa kuliko mlango. Ila si kweli kwamba nilizirai. Hao akina mama wakisimulia huongeza chumvi. Mimi nilikaa tu chini ghafla, na mahali nilipokaa hapakuwa na kiti.

Jina langu ni Wanjugu, na kosa langu la kwanza ni kujua Kihispania. Sikukisomea popote. Mama alikuwa mpishi kwa masista fulani kutoka Kolombia waliokuwa na shule ya chekechea kule kwetu Tetu, nami nilikulia miguuni pa Mama jikoni mwao, nikichambua maharagwe na kusikiliza, na nilipomaliza shule wakanipa darasa la watoto wadogo, nikakaa nao hadi walipofunga na kurudi kwao. Waliniachia birika moja, rozari mbili na lugha nzima ambayo hakuna mtu Nyeri wa kuizungumza naye. Kwa miaka mingi nilikitumia kuongea na ng'ombe.

Halafu nikapata kazi kwa Muriuki. Muriuki ana ofisi ya kazi za mtandaoni mjini Nyeri, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, ambapo tunachapa, tunaandika maneno ya watu waliorekodiwa, tunatafsiri, chochote kinacholetwa na intaneti. Siku moja akaja mezani kwangu akitabasamu mpaka jino la nyuma likaonekana.

"Wanjugu, leo ni leo," akasema. "Kuna ofisi ya elimu huko Marekani iko na maswali ya kuuliza wazazi wenye wanaongea Kihispania, vile watoto wao wanaendelea na masomo. Wanataka mtu wa kutafsiri. Nikawaambia niko na wewe."

Yalikuwa maswali kumi na manane ya Kiingereza, na maagizo yake yalikuwa wazi kama jua. Kwanza, tafsiri swali lilivyo, usiongeze, usipunguze. Pili, ukimaliza, mtu mwingine ambaye hajaona Kiingereza arudishe tafsiri yako kwa Kiingereza, ili wenye kazi walinganishe waone kama swali limefika salama. Kazi ya heshima kabisa. Niliifanya kwa furaha hadi nilipofika swali la nne.

Swali la nne liliuliza: nyumbani kwako kuna watoto wangapi wanaosoma?

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Mimi ni mtoto wa Mama, na Mama hahesabu watoto. Kwetu mzazi wa zamani hahesabu watoto wake wala ng'ombe wake, kwa sababu ukiwahesabu umewaonyesha kidole, na kilichoonyeshwa kidole hakikawii kupungua. Karani wa sensa alipokuja kwetu, mwanaume mzima mwenye kitambi na begi la ofisi, alimuuliza Mama ana watoto wangapi. Mama akamwambia, "Andika wenye unaona." Karani akasema, "Mama, mimi naona mmoja tu." Mama akasema, "Basi andika mmoja na ukunywe chai." Akanywa chai, tena vikombe viwili, na hakurudia swali lake.

Kwa hiyo nilipoliangalia lile swali la nne nikaona aibu, kama vile ni mimi nitakayesimama mlangoni pa mama wa watu na kumuuliza hivyo. Nikajiambia, hawa wazungu hawajui kuuliza. Mzazi huulizwa kwa adabu: ataje watoto wake, kuanzia kifungua mimba, na kila mmoja amepewa jina la nani, kwa sababu kwetu mtoto huitwa kwa jina la babu au nyanya yake, na ukitaja hilo umeheshimu ukoo mzima. (Mimi mwenyewe nimepewa jina la mama yake Mama, ndiyo maana Mama huniita maitu, yaani mama yangu, hata akiwa ananigombeza.) Nikaandika hivyo kwa Kihispania kizuri kabisa: tafadhali tutajie watoto wako kwa majina, kuanzia wa kwanza, na utuambie kila mmoja amerithi jina la nani katika familia. Majina ukiyaona, si utajua ni wangapi? Nilijipongeza, kusema kweli. Nilitoka nikajinunulia maandazi.

Nilipomuuliza Muriuki ni nani atakayerudisha tafsiri kwa Kiingereza, akaniangalia kama nimeuliza nani atapanda Mlima Kenya na viatu vya kanisani. "Si Kihispania ni wewe uko nayo? Rudisha mwenyewe." Basi nikairudisha mwenyewe, mimi niliyeandika ndiye niliyejisahihisha, na nilipofika la nne mkono uliandika kile Kiingereza chao cha mwanzo: watoto wangapi. Sikuona kama ni uongo. Niliona ni kitu kilekile kilichovaa koti.

Zikapita wiki kadhaa. Jumanne moja nafungua baruapepe, nakuta ujumbe kutoka kwa Bi Dana, mama wa huko Marekani aliyekuwa akisimamia kazi ile. Mstari wa kwanza ulisema wangependa kuzungumza ana kwa ana na mtafsiri, Ijumaa, kwa video. Mstari wa pili ulisema kuna tatizo kuhusu swali la nne na kwamba mzazi mmoja angekuwepo. Kabla sijavuta pumzi, Muriuki alikuwa nyuma yangu na kikombe chake, akasoma mstari wa kwanza, na wa pili hakuusoma kwa sababu alikuwa ameshaanza kupiga kelele.

"Ati wanataka kukuona! Wanjugu, hawa watu huwa hawatakangi kuona mtu, wanatuma tu kazi na kunyamaza. Hii ni kitu kubwa! Wanakuja kukushukuru!"

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua, naapa. Lakini Muriuki alikuwa ameshapiga simu kwa Mama, na nikasikia sauti ya Mama ndani ya ile simu ikimshukuru Mungu kwa kirefu, na nikaufunga mdomo wangu. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake chifu akawa amealikwa. Keshokutwa kikundi cha Mama kikawa kimeamua kuja wote wamevaa sare, na Muriuki akawa ameazima projekta kwa rafiki yake anayeonyesha mpira, ili watu wanione ukutani nikishukuriwa. Kila saa niliyonyamaza, chapati ziliongezeka.

Sikulala vizuri na sikula vizuri. Nilifungua swali langu la nne mara nyingi, nikalisoma, na kila nikilisoma nikawa naliona kwa macho ya mtu mwingine. Karatasi yenye muhuri wa ofisi. Inaletwa nyumbani kwa mtu aliyehama nchi yake. Inataka majina ya watoto wake, mmoja baada ya mwingine, na majina ya wazee aliowaacha nyuma. Niliandika ujumbe wa kumweleza Bi Dana, nikaufuta, nikauandika tena, nikaufuta. Mama naye alikuwa akinipigia: "Maitu, nivae ile nguo ya bluu ama ile nilivaa kwa harusi ya Gathoni?" Nikamwambia ya bluu. Ningemwambia nini kingine?

Ijumaa ilikuwa baridi ile ya Agosti, ukungu umekaa juu ya mji na kila mtu yuko ndani ya sweta. Mkutano ulikuwa saa kumi jioni, ambayo kwao ni asubuhi. Nilikuwa nimeomba stima ipotee. Stima yetu hupotea hata mtu akipiga chafya, lakini siku hiyo ilikaa imara kama nguzo ya kanisa, na intaneti ambayo kila siku huzunguka tu ikawa laini kama siagi. Akina mama waliketi mistari miwili, thamosi za chai zimepangwa dirishani, chifu mbele na chapati yake mkononi, Mama katikati na nguo ya bluu. Muriuki alinikalisha mbele ya kompyuta na kunisimamia nyuma kama baba wa bibi harusi.

Bi Dana akatokea, akasalimia kwa Kiingereza, akaona ile halaiki nyuma yangu na akashangaa kidogo. Akasema ataacha yule mzazi aongee kwanza kwa sababu anawahi kazini. Ukutani akaja mwanamke wa rika langu, nywele amezifunga nyuma, ameketi jikoni na pazia limefungwa. Akaanza kuongea Kihispania, na katika chumba kile kizima, hata Bi Dana mwenyewe huko ukutani, aliyekuwa ameambiwa tu na shule kwamba mzazi huyu analalamika, hakukuwa na mtu wa kuelewa isipokuwa mimi.

Alisema hivi: "Mimi naitwa Marisela. Karatasi ilikuja ndani ya begi la mwanangu. Inataka jina la kila mtoto wangu, na jina la mama yangu na baba yangu. Mimi nimetoka mahali ambapo ukiulizwa hivyo, kuna mtu anakutafuta. Nimewatoa watoto shuleni. Leo ni siku ya tisa wako ndani ya nyumba na sijui niwarudishe ama nihame tena. Nataka kumuona aliyetaka majina yao. Nataka aniambie ni ya nini."

Halafu akaanza kulia, bila sauti, machozi tu.

"Anasema nini?" Muriuki akaniuliza.

Ndugu zangu, hapo nilikuwa na ukweli wote mdomoni na hakuna mwingine aliyekuwa nao. Nikageuka nikaona nyuso zote zile zinanisubiri, na nguo ya bluu. Nikasema, "Anashukuru."

"Anashukuru nini?" chifu akauliza, maana chifu hupenda kumaliza mambo.

"Anashukuru... vile tumemuuliza."

Basi! Chumba kikalipuka. Makofi! Na akina mama wale, mnawajua, wakisikia mtu ameshukuru mtoto wao hawawezi kukaa, wakasimama wote na kupiga vigelegele, zile ngemi zetu zinazopigwa mtoto akizaliwa, hadi mabati yakaitika. Na pale ukutani Marisela alikuwa na mkono mdomoni, anatutazama, machozi yanashuka, anatazama wanawake wa sare wakimshangilia. Akaniuliza, polepole, "Wananicheka?" Bi Dana akauliza kwa Kiingereza kama kila kitu kiko sawa, na Muriuki akainama mbele ya kamera akamjibu kwa Kiingereza chake cha sherehe kwamba tumefurahi sana, na akainua dole gumba.

Sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile, na sisi tulikuwa ghorofani, kwa hiyo ningeangukia kwenye dawa za kupe.

Mama ndiye aliyenyamazisha watu. Aliinua mkono mmoja tu. "Nyamazeni kwanza," akasema. "Maitu, huyo mama analia."

"Ni furaha, Mama."

"Mimi nimezaa. Hiyo si furaha. Anasema nini?"

Nikasema. Nilisema yote, siku tisa, pazia, majina, na kwamba yeye hakutumiwa swali hilo na Wamarekani, waliouliza idadi tu, alitumiwa na mimi, na kwamba hata ule mstari wa pili wa baruapepe nilikuwa nimeuona tangu Jumanne. Nilipojaribu kurudi nyuma ndipo nikakaa pale pasipo na kiti. Hakuna aliyecheka. Chifu alirudisha chapati kwenye sahani. Muriuki aliangalia dole gumba lake kama si lake. Na mimi nikiwa pale sakafuni nikaongea Kihispania kwenda juu, maana kamera sasa ilikuwa inaonyesha nywele zangu tu, nikamwambia Marisela kwamba hakuna anayemcheka, kwamba nimewadanganya watu hawa, kwamba majina niliyataka mimi, kwa ujinga.

Mama akaja mbele akainamia kompyuta kana kwamba anachungulia dirisha la jirani. "Mwambie mimi ndiye mama yake," akasema. "Mwambie huku kwetu mtu haulizwi hesabu ya watoto, ni kama kuwaitia mabaya. Huyu alikuwa anakuchunga. Lakini kuchunga mtu bila kumuuliza ni kumchunga vibaya. Mwambie pole. Pole sana."

Nikasimama nikamtafsiria, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Marisela alipangusa uso na kitambaa cha vyombo. Kisha akauliza kitu kimoja, akimtazama Mama.



"Anasema nini?" Mama akauliza.

Lilikuwa swali la nne. Lile la kweli. Nilikuwa nimezunguka dunia nzima kukwepa kuliuliza, na sasa ilibidi nimuulize mama yangu mzazi, mbele ya kikundi chake, na safari hii bila kulivika koti.

"Anauliza," nikasema, "una watoto wangapi."

Mama mmoja nyuma akasema "Ũũi!" kwa sauti ndogo. Mama yangu akatazama kompyuta, akamtazama yule mwanamke na pazia lake lililofungwa. Halafu akainua mkono, vidole vyote vimenyooka, karibu kabisa na kamera.

"Watano," akasema. "Mwambie ni watano."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiitaja hiyo namba. Nililia nikiitafsiri, sitawaficha. Marisela akatazama ule mkono, kisha akainua vidole vyake viwili. Akageuza simu yake kidogo, tukaona magoti ya watoto kwenye kochi, soksi za rangi mbalimbali, nyuso hazikuonekana. Akairudisha. Akasema ana kazi, na akaondoka ukutani.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Nilimweleza Bi Dana kila kitu kwa Kiingereza, hata ile hila ya kujisahihisha mwenyewe, na akasema fomu zote zitarudishwa kwa wenyewe na swali litaandikwa upya, na si na sisi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Muriuki hakunifukuza, alisema tu, "Wanjugu, chukua hizi chapati zote upelekee mama yako," na tangu siku hiyo amenipa kazi ya kuandika mahubiri yaliyorekodiwa, saa mbili kila moja, ambayo naichukua kama kitubio.

Lakini adhabu yenyewe ilikuwa kwa Mama. Hatujafika hata stendi akatoa simu, akampigia ndugu yangu aliye Kangari: "Uko mzima? Uko wapi? Usipande juu ya mti wowote leo." Akampigia dada yangu wa Chaka: "Uko mzima?" Akawapigia wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimembebea chapati na kunishika mkono kwa nguvu hadi tukafika Tetu. Alikuwa ametuhesabu, mnaelewa, mbele ya watu, kwa ajili ya mtoto wa mwingine, na sasa alikuwa anangoja tupungue. Jioni iliyofuata akapiga tena. Na iliyofuata. Hadi leo hajaacha, saa kumi na mbili kamili simu inalia, na sisi tumejifunza kutopoteza maneno, tunajibu tu kama watoto wanaoitwa darasani.

Siku kumi hivi baada ya mkutano Bi Dana aliniandikia mistari miwili. (Safari hii nilimsomea Muriuki yote miwili.) Alisema watoto wa Marisela wamerudi shuleni tangu Jumatatu. Na kwamba Marisela ameomba niulizwe, wale watano wa mama yako, wako wote?

Kwa hiyo mimi nimeapa. Swali la mtu nitalipeleka lilivyo, hata likiwa linaniuma ulimi, na kama linaniuma nitamwambia mwenyewe, sitalibadilisha gizani nikidhani najua adabu kuliko kila mtu. Na mkinialika popote, niambieni kwanza kama kuna projekta. Sasa nisameheni, simu inalia, ni saa kumi na mbili.

"Niko, Mama."